Saa ya kuhesabu hatua au kocha wa afya: kamati ichague nini?

Mwanakamati
Wakuu, habari za saa hizi. Nimo kwenye kamati ya ustawi wa wafanyakazi kazini kwetu. Tuko kama mia mbili, na bajeti ya mwaka inatosha jambo moja tu. Wenzangu wengi wanataka kila mtu avalishwe saa ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, kisha idara zishindane. Wachache tunataka fedha hiyo imlipe kocha wa afya, azungumze na watu mmoja mmoja. Mimi naegemea kwa kocha, lakini nashindwa kuwashawishi, maana saa unaishika mkononi na mazungumzo huyashiki. Nisaidieni hoja.

Hesabu_Kwanza
Mkuu, anzia Singapore. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa wafanyakazi 800 kutoka mashirika 13. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine hawakupewa kitu, wengine Fitbit tupu (kifaa cha kuvaa cha kuhesabu hatua), wengine Fitbit na fedha kila walipofikisha lengo la hatua, wengine Fitbit na fedha ya kuchangia misaada. Miezi sita ya kwanza waliolipwa ndio walioongoza. Fedha ilipokatwa, hadi mwaka unaisha walikuwa wamerudi sawa na wale ambao hawakupewa kitu. Uzito na presha havikupata nafuu katika kundi lolote. Kwa hiyo anayekuja kuwauzia mashindano yenye zawadi, mwulizeni nini kinabaki zawadi zikiisha.

NesiWaZamu
Sisi tulivalishwa. Mimi hufanya zamu za usiku, na ile saa ilikuwa ikianza hesabu upya saa sita kamili usiku. Zamu yangu moja ikakatwa vipande viwili, nusu jana, nusu leo, na lengo la siku sikulifikia hata nilipotembea wodini mpaka miguu ikavimba. Mwenzetu mwenye goti bovu alikaa mkiani mwa orodha iliyobandikwa ukutani kwa miezi mitatu, kila mtu akiiona. Walioshinda ni wale wale waliokuwa wakikimbia tangu zamani.

Baadaye alikuja kocha, kwa simu tu, dakika ishirini kila wiki mbili. Aliniuliza kwa nini presha yangu haishuki ilhali nimeandikiwa dawa. Nikamwambia ukweli: dawa ile inanipeleka chooni kila mara, na usiku tuko wawili tu kwenye wodi, kwa hiyo siku za zamu nilikuwa siimezi. Akanituma kwa daktari, dawa ikabadilishwa. Saa nilikuwa nayo mkononi muda wote huo, ikihesabu.

Mzee_Matembezi
Pole dada, na asante kwa kusimulia. Lakini msiitupe saa. Mimi niliamini natembea sana mpaka nilipoona hatua 2,800 kwa siku nzima. Namba ile iliniamsha kuliko maneno ya mtu yeyote.

Kosa liko kwenye malengo. Hatua 10,000 hazikutoka hospitalini. Zilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kipimahatua kilichokuwa kikiuzwa, Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti wa 2019 uliofuatilia wanawake wa wastani wa miaka 72 uliona kuwa waliotembea hatua 4,400 walikuwa na vifo vichache kuliko wa 2,700, na nafuu ikaacha kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Ukimpa mtu wa 2,000 lengo la 10,000, unamkatisha tamaa Jumatatu ya kwanza.

Na msile kwa kufuata kalori za saa. Watafiti wa Stanford mwaka 2017 walipima vifaa 7 kwa watu 60. Mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea chini ya asilimia 5. Kalori, hata kilichokosea kidogo zaidi kilipotoka kwa asilimia 27.

Mwanakamati
Basi vipi tukichanganya, kocha na saa pamoja?

Hesabu_Kwanza
Nilitarajia hilo lingekuwa jibu bora, na lilinishangaza. Marekani, vijana 471 wenye uzito mkubwa walipewa ushauri wa kupunguza uzito, na baada ya miezi sita nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa. Miaka miwili ilipotimia, wenye kifaa walikuwa wamepunguza kilo 3.5, wasio nacho kilo 5.9. Ulichapishwa 2016. Sisemi saa inanenepesha. Nasema kuiongeza si faida ya moja kwa moja.

Upande wa kocha, ushahidi mzito ni ule wa kuzuia kisukari, 2002: watu 3,234 waliokuwa hatarini. Waliofundishwa na makocha, masomo 16 ya mwanzo, mtu na kocha wake, hatari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya sukari, asilimia 31. Ila wale walikuwa tayari karibu na ugonjwa. Kocha mmoja akigawanywa kwa watu mia mbili, wengi wao wazima, usitegemee matokeo kama hayo. Apewe kwanza wenye presha na sukari inayopanda, wanaotaka wenyewe.

Faragha_Kwanza
Hamjagusa jambo ninaloliogopa kuliko yote. Nani anaona data? Saa inajua umelala saa ngapi, ulikuwa wapi, na nyingine zinafuatilia hedhi. Bosi akijua mfanyakazi ni mjamzito kabla hajasema mwenyewe, huwezi kulifuta hilo. Na "ni hiari" ya mwajiri si hiari kamili. Ndiyo maana sheria ya Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika 2018, inazipa data za afya ulinzi wa pekee. Mwaka huo huo walimu wa West Virginia, jimbo la Marekani, waligoma, na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa mpango wa bima uliowataka wafuatiliwe kwa programu ya simu au walipe zaidi. Na kocha naye aandikiwe kwenye mkataba kwamba haripoti mtu kwa jina.

Mwanakamati
Nimeelewa. Nitapendekeza kocha, wenye presha na sukari watangulie. Mwenye saa yake aje nayo akipenda, hakuna orodha ukutani, na kifungu cha kutunza siri za watu kiwe ndani ya mkataba.

NesiWaZamu
Uliza pia anapokea simu saa ngapi. Akiwa wa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni tu, sisi wa usiku tutakuwa tumelala.