Tupeane uzoefu: nyumba ya kupangisha inakuachia nini ukishatoa gharama zote?

Mleta uzi
Wakuu, habari za majukumu. Nyuzi za "nyumba inalipa" ni nyingi, na karibu zote zinaishia kwenye kodi ya mwezi mara kumi na mbili. Humu naomba tuweke hesabu ambayo gharama zimeshatolewa. Hakuna haja ya kutaja fedha zako. Chukulia bei uliyonunulia au uliyojengea ni 100, mengine yote yapime hapo, ili mwenye chumba kimoja na mwenye ghorofa waelewane.

Naanza mimi. Ni nyumba ya familia moja, nilinunua kwa 100. Kabla mpangaji hajaingia zilishatoka nyingine 8: kuhamisha hati, mwanasheria, mthamini, rangi, vitasa, na nyaya za jikoni zilizokuwa zimeungua. Kwa hiyo mtaji ni 108. Kodi ya mkataba ni 1 kwa mwezi, 12 kwa mwaka. Mwezi mmoja nyumba inakaa tupu, zinabaki 11. Dalali anachukua nusu mwezi, 10.5. Mafundi 1.5. Bima, kodi ya majengo na taka, 1. Kodi ya mapato 0.8. Mkononi inabaki 7.2, gawa kwa 108 unapata asilimia 6.7. Aliyeniuzia aliniambia asilimia 12 na hakunidanganya: alikuwa anausoma mkataba.

Bi Vyumba
Mimi nina vyumba vya mpangaji mmojammoja, vyote kwenye kiwanja kimoja. Kodi ghafi inafika 18, kwa hiyo kwenye karatasi nimekupita mbali, mleta uzi. Ila watu wa chumba kimoja wanahama sana. Huyu kapata kazi kwingine, yule kaoa, wengine wamegombana kwa sababu ya bafu. Kila anayetoka ananiachia ukuta wa kupaka rangi, na kitasa lazima nibadilishe kwa sababu sijui funguo amechongesha ngapi. Choo cha wengi nacho kinachakaa haraka kuliko cha familia moja.

Kilichokuwa kinanila kimyakimya ni bili. Mita ilikuwa moja, nakusanya kwa kichwa, na kinachopungua nafidia mimi. Huyu anasema hana pasi, yule anasema alisafiri mwezi mzima, na anayepika kwa umeme hasemi kitu. Nilipoweka mita ndogo kwa kila chumba pengo likafungwa. Nikitoa kila kitu nabaki na 9 hivi. Hapo sijajilipa mimi mwenyewe, na simu za wapangaji hazijui Jumapili.

Mgeni wa Jukwaa
Mleta uzi, hiyo 1.5 ya mafundi unaitoa kila mwaka au umepiga wastani?

Mleta uzi
Ni wastani mkuu. Kuna miaka inatoka 0.4 tu, kisha unakuja mwaka ambao pampu na paa vinadai kwa pamoja. Mimi naitenga kila mwaka, itumike isitumike. Kuna kanuni inayotumiwa na wengi ya kutenga asilimia 1 ya thamani ya jengo kwa mwaka. Kwa nyumba mpya inatosha, kwa nyumba yenye mabomba ya zamani naiona ndogo.

Deni Halifungi Mlango
Wote mmeongea kama mliolipa taslimu. Mimi nilikopa 60 kati ya 100, riba asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 15. Marejesho ya mwaka ni 10 na pointi kidogo. Kodi ikishatolewa gharama inanibakishia 7 na ushee, karibu sawa na mleta uzi. Maana yake kila mwaka mshahara wangu unaongezea karibu 3.

Msemo wa "mpangaji atakulipia mkopo" uchunguzwe. Katika rejesho langu la kwanza, kila 100 niliyolipa, 89 ilikuwa riba. Mwaka wa kwanza ulipoisha, deni lilikuwa limepungua kwa chini ya asilimia 2. Kodi ya mpangaji, ikishatolewa gharama, haikufikia hata riba.

Nililijua hilo kabla ya kusaini na bado nilisaini, kwa sababu rejesho langu halipandi na kodi inapanda, na mshahara unaibeba tofauti. Asiye na kipato kingine asinifuate. Riba ikiwa chini ya kile ambacho nyumba inazaa, mkopo unakuza faida yako. Ikiwa juu, kila unachoongeza kukopa kinaila.

Fremu za Kona
Kwa upande wa fremu za biashara, ukarabati wa ndani anaubeba mpangaji na mikataba ni mirefu. Tatizo ni fremu ikishaachwa. Yangu ya mbele haijawahi kulala tupu, ya nyuma ilikaa zaidi ya nusu mwaka. Usihesabu mwezi mmoja mtupu kama wa nyumba ya kuishi.

Mama Daftari
Niongeze la kupandisha kodi, maana hapo wenye nyumba wengi wanajikata wenyewe. Mpangaji analipa 1 kwa mwezi, analipa kwa wakati, hasumbui. Unampandishia asilimia 5, anaondoka, nyumba inakaa mwezi mmoja tupu. Unahitaji miezi 20 ya kodi mpya kuufidia huo mwezi mmoja. Ukiongeza nusu mwezi ya dalali, inafika miezi 30. Mimi mpangaji mzuri namwacha chini kidogo ya bei ya soko, na nikimpandishia napandisha kidogo, kwa taarifa ya mapema.

Halafu amana, ile fedha anayoiweka mpangaji akiingia na kurudishiwa akitoka, jamani. Amana si mapato. Naiweka akaunti ya peke yake, siigusi.

Kiwanja Kwanza
Mnasumbuka na kodi wakati faida iko kwenye ardhi. Jengo langu limechakaa lakini thamani ya pale imekuwa mara mbili kwa miaka 12.

Mama Daftari
Hongera ndugu yangu, lakini mara mbili kwa miaka 12 ni kama asilimia 6 kwa mwaka. Toa mfumuko wa bei wa miaka hiyo, toa ya dalali na kodi siku ya kuuza, ndipo tuone kimebaki nini. Na hadi uuze, hiyo thamani hailipi fundi.

Kiwanja Kwanza
Sawa mama. Ila basi na wanaosema "bora hati fungani za serikali", yaani kuikopesha serikali kwa riba, wapimwe hivyohivyo. Riba ya hati fungani haibadiliki hadi inaiva, na mtaji unarudi kwa tarakimu ileile huku bei za vitu zimeshapanda. Asilimia 6.7 ya mleta uzi inaweza kupanda pamoja na kodi, na nyumba bado ipo. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja bila kutoa mfumuko, unaionea nyumba.

Mleta uzi
Hilo nalikubali, ingawa hati fungani hainipigii simu usiku kwamba bomba limepasuka. Mtakaofuata, naomba mtaje na umri wa jengo, kwa sababu namba ya mafundi haina maana bila huo umri. Na wanaolipa wakala wa kusimamia kila mwezi, mnatoa asilimia ngapi ya kodi, na anapokosekana mpangaji anaendelea kulipwa?