WD-40, silikoni au grisi nyeupe: kipi kwa kazi ipi?

Bawaba_Kimya: Wakuu, mlango wa chumbani unalia kila nikiufungua usiku. Nimeupuliza WD-40 mara tatu mwezi huu. Unanyamaza siku nne, kisha unaanza upya. Gari nalo vioo vinapanda kwa kusuasua, na kitasa cha mlango kigumu. Nataka kopo moja limalize yote. Nichukue lipi?

Spana13: La kumaliza yote halipo, mkuu. WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na hiyo 40 ni fomula ya arobaini. Sehemu kubwa ni kiyeyusho: kinapenya, kinalegeza uchafu, halafu kinaruka hewani. Kinachobaki ni oili nyepesi. Kwa hiyo itumie kusafishia. Chomoa pini ya bawaba, futa weusi wote, ndipo upulize grisi nyeupe ya lithiamu. Ikitoka ni nyepesi, inaingia kwenye upenyo, kisha inaganda na kukaa.

Mama_Gereji: Bawaba na reli za viti, sawa. Ila usiipeleke kwenye vioo! Pale kinachobana ni mpira, na mpira unataka silikoni. Oili ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira.

Fundi_Rangi: Silikoni mimi naikimbia. Ikigusa bodi, rangi mpya haishiki, inajitenga na kuacha vishimo vya duara. Ukisugua msasa ndiyo kwanza unaisambaza.

Mama_Gereji: Fundi, ndiyo maana haipulizwi hovyo. Loweka kitambaa, pitisha kwenye mfereji wa kioo, basi. Sakafuni nako usidondoshe, mtu atavunjika kiuno.

Kijiti: Kwenye kitasa mimi nina unga wa grafiti, miaka mingi sijajuta.

Spana13: Grafiti ni sawa, mradi kitasa hakijawahi kuona oili. Vikikutana ni tope. Mimi naona dawa ya PTFE (ile plastiki telezi ya Teflon) inayokauka ni bora, haikusanyi vumbi.

Bawaba_Kimya: Mmh. Mimi nilishatia oili ya cherehani humo.

Spana13: 😂 Basi grafiti sahau. Kioshe kwa kiyeyusho, ingiza ufunguo na kuutoa mara kadhaa huku ukiufuta, kikauke, ndipo utie PTFE.

Kijiti: Na nati iliyoshikwa na kutu?

Mama_Gereji: Hiyo ni dawa ya kupenya, mwanangu, na subira. Puliza, gonga kidogo kwa nyundo, iache usiku kucha ikibidi. Watu wanapuliza na kurukia spana papo hapo, bolti inakatika, wanalaumu kopo. Na chochote kati ya hivi kisiguse diski wala pedi za breki.

Bawaba_Kimya: Mrejesho: pini ilitoka nyeusi kama mkaa. Mlango kimya wiki ya pili sasa. Shida ni kwamba sasa nausikia wa jikoni.