Homa na maumivu ya tumbo kwa mtoto aliyepona Korona

Mama wa Arua:
Ndugu zangu, binti yangu wa miaka minane aliugua Korona kidogo akapona, kisha baada ya kama mwezi mmoja akashikwa na homa kali, kutapika, kuhara na maumivu chini ya tumbo upande wa kulia. Malaria haikuonekana, akaanzishiwa dawa za taifodi, halafu ikashukiwa kuwa ni kidole tumbo. Mwishowe tukaambiwa ni inflamesheni (mwili kuvimba na kuwaka kwa ndani) inayofuata virusi vya Korona. Mbona ugonjwa wa namna hiyo uanzie tumboni?

Tabibu wa Watoto, Mbale:
Pole sana, mama. Ugonjwa huu, uitwao MIS-C, ambao madaktari wa Uingereza waliutolea tahadhari Aprili 2020, hutokea kwa kawaida wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi, wakati kinga ya mwili inaposhambulia viungo vya mtoto mwenyewe, na wengi wa watoto hao huanza kwa dalili za tumbo. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba huvimba pamoja na tezi zilizo karibu nayo, na kwa kuwa ndipo jirani na kidole tumbo, wapo watoto waliopasuliwa bila sababu. Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni moyo: shinikizo la damu likishuka, au macho yakiwa mekundu na vipele vikatokea, mtoto apimwe moyo siku hiyo hiyo.

Muuguzi Mstaafu:
Naafiki, ila tusiidharau taifodi, kwani hapa Uganda bado hutoboa matumbo ya watoto. Kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal pekee hakitoshi kuithibitisha wala kuiondoa. Damu ioteshwe maabara, yaani ihifadhiwe ili kuona kama bakteria watakua, inapowezekana. Tena, dawa za steroidi, zinazotuliza inflamesheni, zikitolewa kabla tundu la utumbo halijatafutwa, huficha dalili zake.

Mama wa Arua:
Ameruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya prednisoloni, ambayo ni steroidi, na aspirini. Bado hana hamu ya kula.

Tabibu wa Watoto, Mbale:
Hamu hurudi polepole. Mpe uji na chakula laini mara nyingi, kidogo kidogo. Vidonge avimeze baada ya kula, na prednisoloni isikatizwe ghafla, bali ipunguzwe kama mlivyoelekezwa. Akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu, tumbo likiwa gumu au homa ikirejea, mrudisheni hospitali hata kama ni usiku.