Breki za mbele na stelingi ya Land Rover 109: dramu zile zile, diski, au ekseli nzima?

Likoni_109

Asalaam aleikum wakubwa. Nina Land Rover 109 Series III, pikapu, dizeli ya 2.25. Marhumu baba alibebea samaki na barafu kutoka Gazi, na sasa kazi ile ile naifanya mimi. Maji yakipwa nashuka nalo mchangani hadi karibu na mashua, kwa hivyo gari hili limekula chumvi miaka mingi.

Juma lililopita nilipeleka samaki Kwale, nikawa narudi na magunia ya nazi. Kwenye mteremko wa kuja Kombani nikakanyaga breki, pedali ikashuka hadi karibu na sakafu. Nikapiga mara ya pili ndipo ikashika, na iliposhika gari likavuta kushoto kama limefungwa kamba. Nikatia gia ya pili nikashuka mdogo mdogo hadi chini. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa kando yangu. Tangu siku hiyo sijalipakia mzigo.

Stelingi nayo inacheza upana wa vidole vinne kabla magurudumu hayajasikia, na nikiingia shimo kwa mwendo fulani mbele yote hutetemeka mpaka nipunguze.

Nimeuliza mafundi watatu, nikapata majibu matatu. Wa kwanza anasema tubaki na dramu, tubadilishe kila kitu ndani. Wa pili anataka diski. Wa tatu ana ekseli ya mbele ya Defender kwenye yadi ya skrapu, anasema tuitie nzima yamalizike, na tufunge pawa stelingi papo hapo. Pesa nilizonazo zinatosha njia moja tu. Nisaidieni kuchagua.

Fundi_Jomvu

Wa aleikum salaam. Kabla ya kuchagua lolote, fungua dramu ya kulia. Gari likivuta kushoto watu hukimbilia kushoto, na kumbe kushoto ndiko kunakofanya kazi. Kulia ndiko kumelala. Nakisia utakuta mafuta.

Pedali inayopanda ukiipiga mara mbili, kwa breki za dramu, mara nyingi ni viatu (vile vipande vinavyosukumwa kushika dramu kwa ndani) vilivyo mbali na dramu. Kwa 109 kila gurudumu la mbele lina adjasta mbili za kusogeza viatu karibu na dramu, moja kwa kila kiatu. Wengi hukaza moja wakaenda zao. Kama pedali ni laini kama sponji, hiyo ni hewa. Na kama ukiikanyaga na kuikalia inazama yenyewe taratibu, tazama masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali.

Bamburi4x4

Mimi niko upande wa diski na sitarudi nyuma. Nilifunga seti nzima ya vifaa vya diski kwenye 109 yangu, na nimepita nalo tope jeusi la Garsen wakati wa masika. Dramu ikiingia maji unatoka upande wa pili huna breki, lazima ukanyage kidogo kidogo mpaka zikauke. Tope likiingia linakaa humo humo, linasaga viatu na dramu pamoja. Diski inajifuta ikizunguka. Wewe unayeingia baharini kila siku ndiye hasa wa kufunga diski.

Dada_wa_Mtwapa

Bamburi4x4, la maji ni kweli tupu, sikupingi. Lakini mwambie ndugu yetu na yale mengine, maana anabeba mtoto.

Dramu za mbele za 109 zina silinda mbili kwa kila gurudumu, na viatu vyote viwili vinaongoza. Gari likienda mbele, mzunguko wa dramu wenyewe unakivuta kiatu kishike zaidi, kwa hivyo mguu haufanyi kazi yote. Diski haina msaada huo. Inataka shinikizo kubwa zaidi, yaani busta, kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu, na busta inataka vakyumu, ile nguvu ya kufyonza hewa. Injini ya petroli vakyumu iko kwenye manifoldi, ya bure. Dizeli yako haina. Utatafuta pampu ya vakyumu na mahali pa kuifunga. Kisha masta silinda: ile ya dramu ina vali ya kubakiza shinikizo kidogo kwenye mabomba, na ukiiacha hapo pedi zitagusa diski muda wote na magurudumu yatapata moto. Kwa hivyo diski kwako ni kalipa (vibano vya pedi), busta, pampu, masta na mabomba. Ukilipia nusu utapata gari baya kuliko ulilo nalo.

Na kuna jambo linalonikera katika maneno ya hao mafundi watatu. Hakuna hata mmoja aliyetaja swiveli, ile jointi ya tufe mwishoni mwa ekseli ambayo gurudumu hugeukia. Diski ukiifunga juu ya swiveli inayocheza, utakuwa na gari linalosimama vizuri na kutetemeka vile vile.

Baba_Shufaa

Nilitia ekseli ya Defender kwenye 109, nikaitoa baada ya muda si mrefu. Ile ni ya koili springi, gari letu ni la springi za majani. Kila mkono ulioungwa kiwandani unakatwa, unachomelewa vikalio vipya, na pembe ya kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia kulia na kushoto) ikikosewa kidogo tu stelingi hairudi yenyewe baada ya kona. Tena ni pana kuliko ya Series, matairi yakatokeza nje ya madigadi. Kama una mchomeleaji mwenye jigi na vipimo, sawa. Kwa jicho, usikubali.

Fundi_Jomvu

Namuunga mkono dada. Likoni_109, inua mbele kwa jeki, weka stendi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise, mwenzako akanyage breki. Likicheza breki ikiwa imekanyagwa, si bearingi za habu (kitovu cha gurudumu), ni swiveli. Likiacha kucheza, ni habu. Halafu shika kushoto na kulia, mwenzako atazame bolijointi moja moja. Ziko sita kwenye gari hilo: mbili za treki rodi inayounganisha magurudumu mawili, mbili za fimbo inayotoka stelingi boksi kwenda rilei (kiungo cha kati kinachopokeza mwendo wa usukani), na mbili za fimbo inayotoka rilei kwenda gurudumu.

Kuhusu pawa stelingi, iache. Ukilitia leo litakufichia ugonjwa, usukani utakuwa mwepesi na huku bolijointi iko njiani kuchomoka. Gari lenye tairi za 7.50-16 zilizojaa upepo na rilei nzima halina uzito wa kukushinda.

Likoni_109

Nimefungua jana, kuanzia asubuhi hadi magharibi. Fundi_Jomvu, umesema kweli kama uliyekuwepo.

Dramu ya kulia haikutoka mpaka niliporudisha adjasta zote mbili nyuma. Ilipotoka, harufu ya gia oili ikanijia usoni. Viatu vimelowa, vyeusi, vinang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Silinda ya juu imekwama kabisa. Nilipovua mpira wake kukatoka unga wa kutu uliochanganyika na maji. Ya chini inasogea kidogo tu.

Tufe la swiveli ndilo limenitia huzuni. Kromi imebanduka mabakamabaka upande wa mbele, ukipitisha ukucha unakwama kila mahali. Nilifungua plagi ya chini, na kilichomwagika si mafuta. Kilikuwa kizito, rangi ya chai ya maziwa. Kushoto ni afadhali, kromi bado ipo, na mafuta yake ni meusi lakini ni mafuta.

Tairi la kulia linacheza hata breki ikikanyagwa. Bolijointi nne kati ya sita zimepasuka mipira. Rilei inacheza juu chini.

Swali: fundi mmoja jirani anasema viatu tuvimwagie petroli tuvichome moto, mafuta yatoke, tuvirudishe. Inafaa?

Dada_wa_Mtwapa

Hapana, hapana. Moto unatoa mafuta ya juu, yaliyozama ndani yatarudi usoni breki ikipata joto, na gundi ya lainingi, lile tabaka la kiatu linalosugua dramu, nayo inaweza kuachia. Nunua viatu vipya, kulia na kushoto pamoja. Ukitia vipya upande mmoja litavuta tena.

Vumbi la mle ndani usilipulize kwa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, panguza kwa kitambaa kibichi, kitupe. Na mipira ya silinda usiioshe kwa petroli wala dizeli, itavimba. Spiriti au mafuta ya breki yenyewe.

Hayo ya rangi ya chai ni maji ya bahari yaliyopita kwenye sili iliyokatwa na kromi iliyobanduka. Ukibadilisha sili peke yake, tufe lile lile litaikata tena. Tufe jipya, sili mpya, bushi ya juu, bearingi ya chini. Na usiisahau pete iliyo kwenye stabu ekseli (shina ambalo habu huzungukia) ambapo oili sili ya habu inakaa. Pitisha ukucha: ukihisi mfereji, ibadilishe, la sivyo mafuta yatarudi kwenye viatu vipya.

Mzee_wa_Makupa

Wanangu, nasoma nanyi kimya. Nimefanya kazi na magari haya tangu yalipokuwa mapya. Nina neno moja tu kuhusu rilei.

Ile rilei imekaa ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, na kwa chumvi ya pwani itakuwa imeshikamana nayo. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu kabla ya kuigusa. Usiipige nyundo kwa hasira, utaipasua boriti. Na ikishatoka, USIIFUNGUE kama hujui. Ndani mna springi kubwa iliyobanwa, na bushi zilizopasuliwa vipande. Ikiruka inavunja taya. Nimemwona kijana amelala hospitali kwa ajili yake. Nunua iliyo nzima, au mpe fundi anayeibana kwa klipu kabla haijatoka kwenye nyumba yake. Na ukiifunga, ijaze gia oili ya EP90. Wengi huifunga kavu.

Bamburi4x4

Kwa hali hiyo, ndugu yangu, nasalimu amri. Fedha zako zipeleke kwenye swiveli na rilei. Diski utafunga baadaye ukitaka, na swiveli mpya zitakuwa zimeshakungoja. Ila uahidi jambo moja: ukitoka mchangani, kabla hujaingia barabara kuu, kanyaga breki polepole mara kadhaa mpaka uhisi zimeshika. Na ukifika nyumbani zimwagie maji ya bomba.

Fundi_Jomvu

Wakati wa kurudisha: silinda za kulia na kushoto usizibadilishane pande. Ukizikosea, viatu vinavyoongoza vitageuka vinavyofuata, na utakanyaga kwa miguu yote miwili. Ndiyo sababu pia gari hili, likirudi nyuma, breki za mbele huwa dhaifu. Utalihisi pale unapopanda kutoka feri, foleni ikisimama kwenye mwinuko. Hendibreki nayo inashika propela shafti ya nyuma, si magurudumu moja kwa moja, kwa hivyo iwe imekazwa vizuri.

Kutoa hewa: kaza adjasta zote mpaka viatu viminye dramu, toa hewa, kisha rudisha. Hewa haitapata pa kujificha. Tumia DOT 4. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa unaijua, kwa hivyo chupa iliyokaa wazi kwenye rafu miezi usiitumie. DOT 4 mpya huchemka kuanzia 230°C. Ikishanywa maji kiwango hushuka hadi 155°C, na kwenye mteremko wa Kwale hapo ndipo pedali hupotea.

Swiveli: ugumu wa kugeuka unapangwa kwa vibati vyembamba vya kingipini. Kitabu cha gari kina kipimo chake, na unakipima kwa mizani ya springi ukiwa umeishika kwenye mkono wa stelingi, treki rodi ikiwa imetolewa na sili kubwa haijafungwa.

Likoni_109

Mizani ya springi ninayo. Ndiyo ya kupimia samaki.

Likoni_109

Narudi na habari. Imechukua siku kumi na moja, pamoja na nne za kuingoja rilei ikubali kutoka kwenye boriti.

Nimebaki na dramu. Kulia: tufe jipya, bushi, bearingi, sili zote, pete ya stabu ekseli (ilikuwa na mfereji, dada, ukucha ulizama). Kushoto nimebadilisha bushi, bearingi na sili, tufe nimeliacha. Silinda nne mpya, viatu vipya pande zote, mabomba ya mbele yote mapya kwa sababu la kulia lilivunjika mkononi. Dramu zimekatwa kidogo kwa fundi wa leithi. Rilei nimenunua nzima. Bolijointi zote sita, na pini mpya za kufungia nati.

Siku ya kupima swiveli nilining'iniza ndoano ya mizani kwenye tundu la mkono wa stelingi, nikavuta taratibu, mwanangu akawa ananisomea namba. Mara ya kwanza ilikuwa nzito mno. Tukaongeza kibati kimoja, ikawa nyepesi mno. Tukakitoa tukatia chembamba zaidi. Mara ya tatu ikakaa ndani ya kipimo cha kitabu, na mkono ukageuka bila kukwama popote, mwendo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikuwa najua kwamba kitu hicho kinaweza kugeuka hivyo. Tangu nilijue gari hili lilikuwa linakwaruza.

Magurudumu nimeyapima kwa uzi na ubao. Mbele yamekaribiana milimita 2 kuliko nyuma yake, kitabu kinataka kati ya 1.2 na 2.4.

Leo asubuhi nimepanda Kwale bila mzigo, nikashuka. Pedali iko juu, inashika mara ya kwanza, na nilipoachia usukani kidogo kwenye sehemu iliyonyooka likaenda sawa. Shimo lile lile la karibu na Kombani nimelipita kwa mwendo ule ule. Halikutetemeka.

Mzee_wa_Makupa

Mashallah. Baada ya bamvua ya kwanza, fungua plagi za swiveli zote mbili uangalie rangi. Hasa ya kushoto, ulikoliacha tufe la zamani.

Likoni_109

Inshallah mzee wangu. Nitafungua na nitaleta jibu hapa hapa.