Kampokonya bibi maiki katikati ya utenzi, tena kwenye mhadhara wa utenzi!

Wakuu, mikono bado inanitetemeka. Ndiyo kwanza natoka kwenye mhadhara wa wazi wa fasihi pale chuoni. Mshereheshaji mnamjua, simtaji. Yule yule wa kila mwaka, wa "muda hauturuhusu".

Mada: Utendi wa Mwana Kupona. Mama mgonjwa wa Pate, mwaka 1858, anamuusia binti yake. Tangazo limeandikwa "wote mnakaribishwa". Tumefika, masaa mawili ni Kiingereza mwanzo mwisho! Slaidi nyingi kuliko mchanga wa Coco Beach.

Ukafika muda wa maswali. Akasimama bibi mmoja na mkongojo wake, mzaliwa wa Lamu aliyeolewa hapa Dar. Akasema huo utenzi kafunzwa na mama yake. Akaanza kughani, bila karatasi! Ukumbi mzima kimya, hata waliokuwa wanachati waliweka simu chini.

Ubeti wa tatu, jamaa kamnyang'anya maiki. "Bibi, tunaomba swali tu, na ikiwezekana kwa Kiingereza, tuna wageni."

Ubeti wa TATU! Vipande viwili vimetoka, viwili viko mdomoni, kina cha mwisho hakijatua, mtu anakwapua maiki! Hivi utenzi ulitungwa ughaniwe au ubandikwe ukutani? Maiki kaitoa mkononi kabisa, vidole vya bibi bado vimeishika.

Bibi akasema, "Haya, mwanangu." Akakaa. Hiyo "haya, mwanangu" sitalala nayo leo.

Mwanakijiji wa Mjini: Na wewe ulikuwa wapi? Mwanaume mzima unaangalia bibi anapokonywa, unakuja kulia huku.

Mleta mada: Nilikuwa safu ya mwisho! Nilipiga kelele "mwacheni amalize" mpaka mlinzi akanifuata. Maiki, mkuu. Mkononi mwa bibi!

Gogo la Mpingo: Huyo namfahamu. Kwenye maonyesho ya vinyago alimweleza mzee wa Kimakonde maana ya kinyago ambacho mzee kachonga mwenyewe.

Dada wa Ngoma: Afadhali bibi kapata beti mbili. Sisi kikundi cha ngoma tulipangiwa saa saba mchana, juani, wageni rasmi wako ndani wanakula. Tumewachezea madereva.

Pangu Pakavu: Kula wapi? Sambusa ziliishia safu mbili za mbele. Mimi nimeambulia kijiti cha kuchokolea meno.

Gogo la Mpingo: Zilikuwa za nyama?

Pangu Pakavu: Nyama wapi, viazi vitupu. Na chai haina sukari.

Mleta mada: Jamani, BIBI! Kapokonywa maiki!

Dada wa Ngoma: Sisi hata hiyo chai hatukuiona. Nauli yenyewe tunadai mpaka leo.

Mwanakijiji wa Mjini: Nauli mnamdai nani, chuo au yeye?