Kwa nini matokeo ya urais Tanzania hayapingwi mahakamani?

Mkazi wa Dodoma:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mgombea ubunge aliyeshindwa anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu, akaweka dhamana ya gharama, akaita mashahidi na kuomba fomu za matokeo ziletwe mbele ya jaji. Mgombea urais hana nafasi hiyo, hata kama kura zake zilihesabiwa katika vituo vile vile. Nilitarajia kwamba Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 ingeliondoa katazo hilo. Mbona limebaki?

Wakili Mstaafu:
Katazo hilo limo katika Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 41(7): Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Sheria iliyotungwa na Bunge kwa utaratibu wa kawaida haiwezi kufuta ibara ya Katiba. Yanahitajika mabadiliko yanayoungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ndiyo maana mwaka ule ule Tume ilipata jina jipya, ibara ikabaki ilivyo.

Msomaji wa Tanga:
Tarehe 15 Julai 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, ikaagiza irekebishwe. Wakati huo Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa taarifa, Novemba 2019, ya kuondoa tamko linalowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ukafanyika chini ya ibara ile ile.

Mzee wa Kigoma:
Tusipuuze hoja ya utulivu. Kenya, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais wa Agosti 2017, ilibidi uchaguzi urudiwe Oktoba, na mgombea wa upinzani Raila Odinga, aliyekuwa ameshtaki, akaususia.

Wakili Mstaafu:
Ni kweli, mzee wangu, lakini Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa mashauri ya mwaka 2013 na 2022, kwa hiyo ruhusa ya kushtaki haikuwafanya majaji wafute kila uchaguzi. Ugumu ninaouona mimi uko kwenye ushahidi. Katiba ya Kenya inatoa siku 7 za kufungua shauri na siku 14 za kuliamua. Wakala wa mgombea aliyeondoka kituoni bila nakala ya fomu ya matokeo hataipata ndani ya muda huo, na hakuna jaji atakayehesabu kura kwa maneno ya mdomo.