Je, ubingwa wa usingizi una maslahi? Naomba ushauri kabla ya kuomba MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa)

Mtarajali wa Kanda ya Ziwa

Wanajukwaa, salaam, na shikamoo kwa wakubwa wote mlionitangulia katika taaluma.

Nimemaliza shahada ya udaktari ya miaka 5 na sasa niko mwezi wa tisa wa utarajali katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Tangu mwaka wa tatu chuoni nilikuwa nikijiandaa kuwa daktari mpasuaji, lakini zamu za chumba cha upasuaji zimenivuruga mawazo, kwa sababu kila niliposimama pale kushika vyombo nilijikuta macho yangu hayako kwenye kisu, yako kichwani pa mgonjwa, kwa yule anayebana ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa, na kutazama monita bila kusema neno. Siku moja mgonjwa alianza kubadilika rangi, na mpasuaji akasimamisha kazi, akanyanyua mikono na kumwambia yule mtu wa usingizi, "Tunakusubiri wewe." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza kubadili njia.

Nilipomweleza baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenisomesha, aliniuliza kwa mshangao kama ada zote zile zilikuwa ni za kwenda kupiga watu nusu kaputi, kazi ambayo kwa anavyojua yeye inafanywa na muuguzi. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na kusema kweli sina la kuniridhisha hata mimi mwenyewe.

Ninaomba mnisaidie katika mambo haya: mafunzo yanachukua muda gani na yanatolewa wapi, kipato kikoje serikalini na katika hospitali binafsi, na kama ajira zipo kweli au nitaongeza tu karatasi ukutani huku nikisubiri tangazo, kama wanavyosubiri madaktari wengi wenye shahada ya kwanza. Walioko nje ya nchi nao wanieleze ukweli wa huko, kwa maana nasikia mengi.

---

Bingwa wa Dodoma

Marahaba, daktari. Mimi ni daktari bingwa wa usingizi na ganzi katika hospitali ya umma, na nitakujibu kwa kadiri ninavyoijua hali ya Tanzania.

Kuhusu mafunzo, MMed ya usingizi inatolewa katika vyuo vikuu vya afya vya MUHAS pale Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Mimi nilisoma Muhimbili, ambako ni miaka 3. Usidhani utajifunza dawa tu. Sehemu ya mwanzo utarudishwa kwenye fiziolojia, famakolojia na fizikia ya gesi, somo ambalo lilinitoa jasho kuliko yote, kisha utazungushwa kwa wajawazito, watoto, wagonjwa wa mifupa na ubongo katika taasisi ya MOI pale Muhimbili, wagonjwa wa moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, na katika chumba cha wagonjwa mahututi, huku tasnifu ikikusubiri. Ukihitimu unasajiliwa kuwa bingwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Jambo ambalo vijana hulisahau ni nani atakayelipa ada: aliyekwisha kuajiriwa na kupewa ruhusa ya masomo anaendelea kupokea mshahara, ilhali asiye na mwajiri anajilipia na kula kwa akiba yake. Wizara ya Afya ina ufadhili kwa fani zenye upungufu, kwa hiyo fuatilia matangazo yake kabla hujauza shamba la babu.

Kuhusu mshahara, serikalini ngazi za kada za afya ni TGHS, na ngazi yako hupandishwa na ubingwa na miaka ya kazi. Hakuna ngazi ya peke yake ya watu wa usingizi, kwa hiyo wewe na bingwa wa watoto mliohitimu na kuajiriwa pamoja mtalingana. Nikushauri uache kuuliza mshahara ghafi na uulize kinachofika benki. Tuchukue mfano wa kubuni, ghafi shilingi 2,500,000. Mchango wa mfuko wa pensheni, PSSSF, wa asilimia 5 ni 125,000. Kodi inakatwa kwenye 2,375,000 inayobaki, nayo ni 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 kwa kinachozidi, jumla 540,500. Bima ya afya asilimia 3 ni 75,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 375,000. Unabaki na 1,384,500, na mwenye nyumba bado hajagonga mlango. Mkopo ukiisha ndipo utakapojiona umepandishwa cheo bila barua.

Juu ya hapo kuna posho za zamu za dharura, ambazo hutegemea makusanyo ya hospitali na uaminifu wa anayezisaini. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo posho zilicheleweshwa kwa miezi mitano mfululizo, na hatukuacha kuitwa usiku hata mara moja.

Kipato cha ziada kiko hospitali binafsi, kwa malipo ya kila kesi, na hapo ndipo uchache wetu unapokuwa na thamani. Mpasuaji akikosekana mgonjwa anaweza kuelekezwa kwa mpasuaji mwingine wa mji uleule, lakini mtu wa usingizi akikosekana orodha nzima ya siku inaahirishwa. Hata hivyo fedha hizo ziko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hapa Dodoma. Ukipangiwa mkoa usio na hospitali binafsi ya maana, hesabu mshahara wako peke yake.

Kuhusu ajira, sitakuahidi tarehe, kwa kuwa hakuna anayemwajiri mtu kwa sababu anahitajika tu, bila kibali. Lakini angalia mahitaji yanatoka wapi. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma ikafuata 2018. Fedha za mwaka 2021 baada ya Uviko zilijenga vyumba vya wagonjwa mahututi na idara za dharura katika hospitali nyingi, na vitanda vile vinahitaji watu wanaojua mashine za kupumulia. Kambi za madaktari bingwa zilizoanza kuzungushwa wilayani mwaka 2024 zilikwenda na fani tano tu, na ya usingizi ikiwamo. Shirikisho la dunia la fani yetu linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa usingizi kwa kila watu 100,000, na kwa idadi yetu ya watu hiyo ingekuwa zaidi ya mabingwa 3,000. Nikiwahesabu ninaowajua kwa majina, siwezi kusema hata tunakaribia.

---

Muuguzi wa Usingizi, Kigoma

Ndugu mtarajali, naomba nimjibu baba yako mdogo, kwa kuwa muuguzi anayemsema ni mimi.

Ni kweli kwamba kazi hii wilayani inafanywa na sisi. Nilikuwa muuguzi wa kawaida kwa miaka sita, nikaenda kusoma kozi ya usingizi ya mwaka mmoja, nikarudi kituoni. Vituo vya afya vingi vilivyopanuliwa tangu mwaka 2017 ili vifanye upasuaji wa uzazi visingefungua milango yake bila watu kama mimi. Mshahara wangu unafuata kada yangu ya uuguzi, na kozi ile haikuugusa kama nilivyotarajia. Kilichoongezeka ni simu za usiku.

Lakini asidhani kwamba tunafanya kazi ileile. Niwape picha moja. Saa nane za usiku analetwa mama, mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe. Ninampiga sindano ya mgongo yenye dawa ya ganzi, bupivakeini, ganzi inapanda vizuri, na dakika ya nne presha inatoka 110 hadi 70, mama ananiambia kwa sauti ndogo, "Dada, naona giza." Efedrini, dawa ya kupandisha presha, imekwisha tangu juzi. Ninamwinamisha upande wa kushoto ili tumbo lisibane mshipa mkubwa, ninafungua dripu zote mbili, ninachanganya adrenalini miligramu 1 katika mililita 100 za maji ya chumvi na kumpa kidogo kidogo, huku jicho moja likiwa kwenye mshale wa mtungi wa oksijeni, ambao umeshaingia kwenye rangi nyekundu na ufunguo wa mtungi wa pili anao mtunza stoo, aliyelala kwake. Mpasuaji hakuyajua hayo yote mpaka alipomaliza kushona. Asubuhi ndugu wa mama walimletea yeye jogoo.

Mama yule alitoka salama, na mwingine kama yeye nitampokea bila wasiwasi. Ninayeogopa kumpokea peke yangu ni mwenye ugonjwa wa moyo, mtoto wa siku tatu mwenye utumbo uliojifunga, au mgonjwa ambaye koo lake limevimba hata laringoskopu haioni njia. Hao ninawapigia simu mabingwa wa mkoani, na mara nyingi bingwa ni mmoja na yuko chumba kingine. Mwambie mzee kwamba unakwenda kusomea hao.

---

Daktari wa Mombasa

Habari zenu. Nitaongeza machache ya Kenya, kwa kuwa mtu wa Mwanza anaweza kujikuta anafikiria Nairobi au Eldoret.

Ubingwa unasomwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi na Aga Khan, na muda ni mrefu kidogo kuliko Muhimbili. Hapa pia kazi kubwa ya kaunti inabebwa na maafisa tabibu waliosomea usingizi pamoja na wauguzi, wakiwamo wanaofundishwa hospitali ya Kijabe.

Serikalini tunasimamia mkataba wa mwaka 2017, uliopatikana baada ya mgomo wa siku 100, na bado tunaupigania: mgomo wa 2024 ulichukua siku 56, na jambo mojawapo lilikuwa malipo ya madaktari wanafunzi, ambao serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya zile 206,000 za mkataba. Yaani, ukilinganisha mishahara ya nchi mbili kwenye karatasi, linganisha na tarehe inayoingia benki.

Kwenye hospitali binafsi ada yetu kwa kawaida hukadiriwa kwa kuangalia ada ya mpasuaji, jambo ambalo mimi nimelipinga kila kikao, kwa kuwa kuna upasuaji mdogo unaohitaji usingizi mgumu kuliko mkubwa. Kampuni moja ya bima ilinilipa kesi za Januari mwezi wa Agosti. Jifunze kutunza daftari la kesi zako tangu siku ya kwanza.

---

Mhamiaji wa Minnesota

Kaka, uliyosikia kuhusu Marekani yana ukweli na yana uongo. Kwa takwimu za Idara ya Kazi, wastani wa kipato cha daktari wa usingizi ni zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na ni miongoni mwa fani zinazolipwa vizuri kabisa. Hata wauguzi wa usingizi wanapata wastani wa zaidi ya dola 200,000, lakini tangu mwaka 2022 kila anayeanza masomo hayo lazima aingie programu ya ngazi ya shahada ya uzamivu.

Uongo ni kwamba MMed yako itakufikisha hapo. Njia ya kawaida ni mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya huku, na cheti cha ECFMG wanachopewa madaktari waliosoma nje, kisha kushindania nafasi ya mafunzo ambayo majibu yake hutoka mwezi wa Machi, na ukipata unaanza upya miaka 4 hata kama nyumbani ulikuwa mkuu wa idara. Katika miaka hiyo unalipwa kama mwanafunzi kazini, si kama bingwa. Ukiingia kwa viza ya J-1, ukimaliza unatakiwa kurudi kwenu miaka 2 au utafute msamaha, ambao mara nyingi hupatikana kwa kukubali kufanya kazi maeneo yenye uhaba wa madaktari. Mimi niko kwenye mji wenye theluji miezi mitano kwa sababu hiyo hasa.

Kama unaitaka njia hii, anza mitihani sasa ukiwa na umri mdogo na masomo ya msingi bado yako kichwani. Kufanya MMed kwanza na USMLE baadaye ni kupanda mlima mara mbili.

---

Mtarajali wa Kanda ya Ziwa

Ninawashukuru sana. Dada wa Kigoma, nimemsomea baba mdogo maneno yako kwa sauti, na akanyamaza kwa muda kabla ya kuuliza kama yule mtunza stoo alifukuzwa.

Nimebakiwa na swali moja kwa Bingwa wa Dodoma. Wapo wanaosema kazi hii inamdhuru anayeifanya, kwa kuvuta gesi na kwa kukaa karibu na dawa za kulevya kila siku. Je, ni kweli? Na nifanye nini katika miezi mitatu iliyobaki ili nijue kama ninaipenda kweli?

---

Bingwa wa Dodoma

La gesi lipo, hasa kwenye vyumba visivyo na mfumo wa kuitoa nje, kwa hiyo mahali popote utakapopangiwa uliza kwanza kama hewa inazunguka na kama bomba la kutolea gesi limeungwa. La dawa lipo pia, na ni la kweli zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Kabati la fentanili na ketamini liwe na funguo mbili na daftari linalosainiwa na watu wawili, wala usikubali kusaini kwa ajili ya mwenzako ambaye hukumwona akimwaga kilichobaki. La tatu, ambalo hukuliuliza, ni usingizi wako mwenyewe.

Kuhusu miezi mitatu, mwombe mkuu wako akupange upande wa usingizi kwa wiki nne, zamu za usiku zikiwamo. Usihesabu mipira ya hewa uliyofanikiwa kuweka kooni, kwa maana hiyo hujifunzwa na kila mtu. Jiangalie katika upasuaji unaochukua saa tano ambao hakuna lolote linalotokea: kama saa ya nne bado unasikia mlio wa monita ukishuka nusu toni kabla hujatazama namba, omba MMed. Kama umeshatoa simu mfukoni, rudi kwenye kisu. Na siku ya kwanza fika saa moja asubuhi, kabla ya mgonjwa, uikague mashine mwenyewe, mitungi yote miwili ukiifungua kwa mkono wako.